Mama amebaki Dar na mtoto, baba yuko London: usuluhishi unavyokwenda

Mkuu, umeuliza kama unaweza kumalizana na mkeo bila kesi, maana alikuja Dar likizo na mtoto na sasa hataki kurudi London. Inawezekana, ila makubaliano yasiyofanywa amri ya mahakama za nchi zote mbili ni karatasi tu.

Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1980 unaohusu kurudisha watoto waliohamishwa isivyo halali. Uingereza imo, lakini haisaidii kama nchi ya pili haimo. Mkishindwana, malezi yatasikilizwa upya Dar, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama. Dhana hiyo hupingika, ila kazi ya kuipinga ni yako.

Baraza la usuluhishi la ndoa ni jambo jingine. Ni la talaka: kabla ya kufungua shauri la talaka hupitiwa baraza, nalo hutoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hati hiyo isizidi miezi 6 siku unapofungua shauri. Mdaiwa aliye nje ya nchi na asiyetarajiwa kuingia ndani ya miezi 6 haitwi barazani, kwa hiyo nafuu hiyo ni ya mkeo akikudai wewe, si yako.

Tafuteni wasuluhishi wawili, mmoja anayejua sheria za Tanzania, mwingine za Uingereza. Kabla ya kikao cha kwanza msaini kwamba yatakayosemwa hayatapelekwa mahakamani. Wazee waheshimiwe, lakini wao husukuma mrudiane, wakati swali hapa ni mtoto.

Mazungumzo mengi hukwama kwenye viza. Kama ya mkeo inategemea ndoa, ataingiaje London mkiachana? Jibuni hilo kwanza. Pili, kama uliripoti polisi, ataogopa kukamatwa uwanja wa ndege, na kufuta shauri si uamuzi wako peke yako. Wakili apate jibu la maandishi.

Simu za video ziandikwe kwa saa za pande zote. Saa 1 jioni ya Dar ni saa 11 jioni London majira ya joto, saa 10 majira ya baridi. Ugomvi mwingi wa "hakupokea" unatoka hapo.

Makubaliano yaende mahakama ya London, kisha ya Dar (huko lazima shauri liwe limefunguliwa ndipo amri ya maridhiano, yaani ya kuthibitisha mlichokubaliana, itoke). Pasipoti ya mtoto ikae kwa wakili mliyekubaliana. Tiketi inunuliwe amri zote mbili zikishatoka.