Bango la fleksi linapiga makofi usiku kucha, nifanyeje?

Maswali ya mabango ya dukani yamejaa mezani kuliko ya kitu kingine chochote, kwa hiyo safu ya leo nzima ni ya fleksi, kile kitambaa cha plastiki cha kuchapia mabango, na vyuma vyake.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina duka la vipodozi Tegeta, niliweka bango la fleksi mita 6 kwa 3 juu ya mlango, halijakaa hata muda mrefu limeshalegea, usiku linapiga makofi mpaka wapangaji wa juu wananisema, afu kona moja ya juu imeanza kuchanika. Fundi aliyeliweka anasema dawa ni kulichana vidirisha vya nusu mwezi ili upepo upite, mwingine ananiambia ninunue fleksi nzito zaidi. Nimsikilize nani?
Mama wa vipodozi, Dar es Salaam

JIBU: Salama dada yangu, pole na usingizi. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili.

Tuanze na vidirisha. Bango lako lina mita 18 za mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao kusi ikivuma huku pwani ni wa kawaida tu, ukilipiga usoni kwa hesabu ya mkono unalisukuma kwa nguvu ya kama kilo 110, na spidi ikiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne, yani kwenye kilomita 72 kwa saa unazungumzia kama kilo 450. Sasa chukua vidirisha 20 vya nusu mwezi vyenye upana wa sentimita 15 kila kimoja, jumlisha matundu yote, unapata kama asilimia 1 ya bango. Upepo haujapungua chochote cha maana lakini wewe umeshaanzisha michaniko 20 mipya kwenye kitambaa ambacho nguvu yake yote iko kwenye nyuzi za poliesta zilizo ndani, na ukishazikata hizo nyuzi kilichobaki ni plastiki tu. Nyuma ya bango lako kuna ukuta pia, huo upepo ukipita kwenye tundu utaenda wapi?

Kinachochana fleksi ni ulegevu. Kitambaa kilichokazwa sawasawa kinapokea upepo na kuupeleka kwenye chuma pande zote nne, ila kikilegea kinapigapiga, na kila kipigo kinavuta sehemu ileile, kwa kawaida kona ya juu, mpaka inachoka. Ndio maana fleksi nzito peke yake haitakusaidia. Ya gramu 510 kwa mita ya mraba ni imara kuliko ya 440 na mimi kwa bango la nje la ukubwa huo ningechukua hiyo ya 510, lakini ukiiwamba vibaya itapiga makofi vilevile na itakuwa imekugharimu zaidi.

Kwa hiyo lishushwe. Fremu ya chuma ikiwa chini iangalie kwanza yenyewe: bomba za mraba ziwe angalau milimita 40 kwa 40, unene 1.5, na katikati kuwe na bomba za kusimama kila baada ya mita moja hivi, maana fremu yenye pande nne tupu ukiikaza fleksi inapinda kuelekea ndani na bango linalegea hapohapo. Halafu pitisha mkono kwenye kila kiungo. Nimeona mabango mengi sana yaliyouawa na chuma chake chenyewe, fundi amechomelea vizuri lakini hakupiga grainda, kijiuvimbe cha weldingi kimebaki kina makali, fleksi inakisugua mchana na usiku. Piga grainda mpaka pawe laini, paka primer kisha rangi, na pembeni pote palipo na makali weka ukanda wa fleksi ya zamani kabla ya kuwamba mpya.

Kwenye kuchapa mwambie kijana wa dizaini aache ukingo mweupe wa sentimita 20 kila upande kwa ajili ya kukunjia nyuma, na hapa kuna jambo la kuokoa hela: roli nyingi zina upana wa mita 3.2, kwa hiyo fremu ya mita 3 ukiongeza ukingo inakuwa 3.4, lazima fleksi iunganishwe. Punguza kimo cha fremu kiwe mita 2.8, ukiongeza 20 juu na 20 chini unapata 3.2 kamili, kipande kimoja hakina kiungo. Nani atajua barabarani kwamba bango limepungua sentimita 20? Ila waulize kwanza roli yao ina upana gani hasa kabla hujakata chuma.

Sasa kuwamba kwenyewe. Mafundi wengi wanaanzia kona moja na kuvuta kwenda nyingine, na mwamba ngoma huvutia kwake, mwishoni mikunjo yote inakusanyika kona ya mwisho na hakuna wa kuitoa. Anza katikati: skrubu moja katikati ya juu, vuta, nyingine katikati ya chini, kisha katikati ya kushoto na ya kulia, halafu unasogea kidogo kidogo kuelekea kona ukibadilishana pande zinazotazamana. Watu wawili wavute, wa tatu afunge. Skrubu isiikamate fleksi peke yake kwa sababu kichwa chake ni kidogo kitatoboa kupita, weka flati baa, yaani ukanda wa chuma bapa, juu ya ukingo uliokunjwa ndipo skrubu ipite kwenye vyote viwili. Kona zifanye mwisho kabisa: kata ncha ya fleksi kwa mshazari ukiacha kama sentimita 2 kutoka kwenye chuma, kunja upande wa juu kwanza, kisha wa pembeni uje juu yake, hapo hakutakuwa na kifundo kinene wala chuma kilicho wazi.

Na muda. Plastiki ikipata joto inalainika na kutanuka, ikipoa inajivuta, kwa hiyo ukiwamba alfajiri kwa baridi ikifika saa sita mchana limeshalegea. Hapo Dar subiri jua lipate nguvu, saa tatu mpaka saa tano asubuhi panafaa, kabla upepo wa bahari haujakolea. Utande fleksi juani chini kwa muda ndipo uanze.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana natengeneza mabango hapa Makambako. Nimepata kazi ya duka la vifaa vya ujenzi, bango mita 8 kwa 2.8, ukuta ni wa bloku. Bolti za kutanuka nikizikaza zinazunguka tu, bloku linabomoka vumbi. Mwenye duka anasema niongeze idadi ya bolti. Naogopa.
Fundi mdogo, Njombe

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hiyo hofu yako ishike. Usiongeze bolti kwenye bloku bovu, bolti 30 kwenye vumbi hazina tofauti na 10.

Mwenye duka anafikiria uzito. Fremu ya hiyo saizi kwa bomba za 40 ina chuma cha kama mita 41 na kila mita ni kilo 1.8 hivi, ukijumlisha na fleksi hufiki kilo 90. Uzito huo hata ukuta wako ungeubeba. Lakini upepo wa kilomita 72 kwa saa kwenye mita za mraba 22.4 ni kama kilo 560, na hausukumi tu, ukipita ubavuni mwa jengo unavuta bango kulitoa nje, hasa karibu na kona za jengo. Makambako nayo kila mtu anajua ilivyo kwa upepo. Kwa hiyo bolti zako zinafanya kazi ya kuzuia kung'olewa, na hiyo ndiyo kazi ambayo bloku dhaifu haliiwezi kabisa.

Tafuta zege. Linta, ile boriti ya zege, iko juu ya mlango na madirisha, nguzo ziko kwenye kona, fungia huko hata kama fremu itabidi uiongezee mikono ya kufika. Palipo na bloku tupu toboa mpaka upande wa pili, pitisha fimbo ya nati (ile ndefu yenye meno ya skrubu), na ndani ya duka weka sahani ya chuma ya sentimita 15 kwa 15 nyuma ya ukuta ndipo ukaze. Mwenye duka atalalamika kuhusu muonekano ndani, mwambie rafu zitaificha. Akikataa kabisa, punguza bango au iache kazi. Tarehe 13 Mei 2024 huko Mumbai, eneo la Ghatkopar, bango kubwa mno liliangukia kituo cha mafuta kwa dhoruba wakafa watu 17, na mwezi huohuo sisi tulikuwa tumepitiwa na kimbunga Hidaya huku pwani. Watu wanapita chini ya kazi yako kila siku mdogo wangu.

Ukipanda, tumia jukwaa la mirunda lililofungwa vizuri au skafoldi, mkanda wa usalama uwe umefungwa kwenye jengo na sio kwenye bango, na kama kuna nyaya za umeme karibu usinyanyue bomba la mita 6 kabla TANESCO hawajaja kuangalia. Asubuhi za Juni na Julai huko kwenu fleksi inakakamaa, subiri jua.

SWALI: Asalaam aleikum. Bango langu Mombasa lilikuwa jekundu, sasa ni la waridi, na chini ya fremu linachuruza kutu kwenye ukuta. Tatizo ni wino?
Mwenye mkahawa, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Ni jua kwanza. Nyekundu inachapwa kwa kuchanganya rangi mbili, ya waridi iliyokolea na ya njano, na hizo ndizo zinazochoka mapema, nyeusi na buluu zinakaa zaidi. Omba wino wa nje wenye kinga ya jua, na kama ukuta unatazama magharibi usijaze nyekundu bango zima. Kutu ni maji yaliyonasa ndani ya bomba pamoja na chumvi ya bahari: toboa vitundu vya milimita 6 upande wa chini wa bomba la chini maji yatoke, na fremu ijayo tumia bomba zilizopakwa zinki, kila ulipochomelea upake rangi ya zinki tena kwa sababu moto umeshaiondoa ile ya mwanzo.

SWALI: Nataka bango la kusimama kwenye nguzo mbele ya duka langu kando ya barabara kuu Mafinga, ukutani halionekani na magari. Kibali nachukua wapi?
Msomaji, Iringa

JIBU: Pima kwanza kutoka katikati ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande, na ukisimamisha nguzo humo bila TANROADS watakuwekea alama ya X na utaing'oa kwa gharama zako. Ukiwa nje ya hapo nenda halmashauri na mchoro wenye vipimo, uliza ada kabla hujakata chuma maana kwa kawaida inakwenda na ukubwa wa bango. Na la nguzo halina ukuta wa kulisaidia, upepo wote unaishia kwenye msingi, kwa hiyo mtafute mtu wa ujenzi akupigie hesabu ya shimo na zege, hiyo usimwachie fundi wa kuchomelea.