Vitone na viduara vya Kimanchu
Umeuliza kwa nini maandishi ya Kimanchu, lugha ya Wamanchu wa kaskazini-mashariki mwa China, yamejaa vitone na viduara pembeni mwa herufi. Nurhaci, kiongozi wao, alipoagiza mwaka 1599 lugha yake iandikwe kwa herufi za Kimongolia, zinazoteremka kutoka juu kwenda chini, herufi moja ilibeba sauti za k, g na h, na msomaji alilazimika kukisia; ndipo mwaka 1632 mwanazuoni Dahai akaongeza alama hizo, k ikabaki tupu, g ikapewa kitone na h kiduara, huku kitone kikitenganisha pia a na e, o na u. Nayaona kuwa marekebisho maridadi kwa uchache wa alama zake. Kimanchu chenyewe kimebaki kwa wazee wachache wa jimbo la Heilongjiang huko kaskazini-mashariki, lakini Wasibe, kabila lililo Xinjiang, magharibi mwa China, wenye lugha iliyo ndugu yake wa karibu, wangali wanatumia maandishi hayo yakiwa na mabadiliko madogo.