Kabla hujapakua GIMP: ushauri kwa wanaoanza kazi ya picha na usanifu

Mtu akiniambia anatafuta programu ya bure ya kuhariri picha, namuuliza kwanza: faili lako linakwenda wapi? Kuna kazi inayoishia kwenye status za WhatsApp na Instagram, haigusi karatasi maisha yake yote. Kuna inayokwenda kwenye mashine ya mabango. Kuna ya fundi wa fulana anayekata vinili, ile plastiki ya kubandika. Na kuna ile ya mwajiri aliyekutumia PSD, yaani faili la Photoshop, na anataka umrudishie PSD ileile, leya zake zote (matabaka yanayojenga picha) zikiwa salama. Kila njia hapo ina programu yake. Anayechagua kwa kuuliza tu "ipi inafanana na Photoshop?" hujikuta ameshajifunza nusu ya programu ndipo agundue kuwa kazi yake ilihitaji nyingine.

Sababu ya kutafuta mbadala tunaijua wote. Tangu 2013 Adobe waliacha kutoa matoleo mapya ya Photoshop kwa mtindo wa kununua mara moja. Sasa ni malipo ya kila mwezi au mwaka, kwa kadi, na bei inafuata mwendo wa dola. Kijana wa steshenari anayepiga pasipoti saizi na kuchapa kadi za mchango hawezi kuubeba mzigo huo mwezi ambao hakuna harusi. Ndiyo maana CS6, toleo la 2012, bado inazunguka mitaani kwenye flashi ikiwa imekrakiwa. Sitahubiri. Nasema tu kwamba maelekezo ya kuisakinisha karibu siku zote huanza na "zima antivairasi", na kompyuta ya steshenari ndiyo inayochomekwa flashi za mtaa mzima. Mteja akifika nyumbani akakuta mafolda yake yamegeuka shotikati, hatamtafuta aliyekraki. Atakuja kwako.

GIMP ndilo jina la kwanza utakalotajiwa, na linastahili. Waliianzisha wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995, miaka mitano baada ya Photoshop ya kwanza kutoka. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 baada ya kusubiriwa miaka mingi, na kwa anayeanza leo tofauti yake na toleo la 2.10 lililotangulia ni kubwa. Sasa ukiweka kichujio, tuseme cha kutia ukungu au cha kusahihisha mwanga, kinabaki juu ya leya na kesho unaweza kukifungua tena ukabadilisha kiasi chake. Zamani kilikuwa kinaingia ndani ya picha moja kwa moja, na ukishahifadhi na kufunga, basi. Kwa hiyo unapotafuta video za mafunzo tazama mwaka wake kwanza. Nyingi zilizoko mtandaoni ni za 2.8 na 2.10, na utahangaika kutafuta vitu ambavyo vimeshahamishwa.

Wanaotoka Photoshop huilaani GIMP siku ya kwanza kwa mambo yaleyale matatu. Ya kwanza ni kuhifadhi. Ctrl+S hutoa faili la XCF, la GIMP yenyewe, lenye leya zote. Mteja akitumiwa hilo kwenye simu halifunguki. JPEG au PNG hutoka kwa amri ya Export, yaani Ctrl+Shift+E. Ukizoea utaona ni utaratibu mzuri, kwa sababu huwezi kuifuta kazi yenye leya kwa kuihifadhi kama JPEG bila kukusudia. Ya pili ni mipaka ya leya. Leya ya GIMP ina ukubwa wake, unaoonyeshwa kwa mstari wa vidoti vya njano, na brashi ikifika pale inakoma kana kwamba imekata wino. Kuna amri ya Layer to Image Size, iko kwenye menyu ya Layer. Ya tatu inawasumbua wote wanaotoa mandhari ya nyuma: unafuta kwenye JPEG, badala ya kupata uwazi unapata weupe. JPEG haina njia ya uwazi, na GIMP haikuongezei bila kuombwa. Bonyeza leya kwa kitufe cha kulia, chagua Add Alpha Channel, ndipo ufute. Kwa pasipoti saizi ya nyuma ya bluu hili utalifanya mpaka vidole vijue vyenyewe.

Jambo moja ambalo GIMP haisifiwi kwalo vya kutosha ni maandishi ya Kiarabu. Ukitengeneza kadi za nikaha au mabango ya Maulidi, utajua shida ya herufi kuachana na kuanza upande usiofaa, hasa kwenye nakala za zamani za Photoshop ambazo hazikuwa toleo la Mashariki ya Kati. GIMP na Inkscape, programu ya bure ya kuchora kwa mistari, hutumia mtambo wa maandishi uitwao Pango, nao huunganisha herufi inavyotakiwa na kwenda kulia kushoto. Weka fonti nzuri ya Kiarabu, bandika Bismillahi yako, na bado mwoneshe ustadhi kabla ya kuchapa.

Sasa kompyuta. Wengi mnaanza na laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, kwa hiyo fanya hesabu kabla ya kuilaumu programu. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli (vidoti vya picha) 2480 kwa 3508. Leya moja iliyojaa, yenye rangi tatu na uwazi kwa biti 8, inakula kama megabaiti 35. Leya kumi ni 350, bado hatujagusa kumbukumbu ya kurudisha nyuma (undo), na Chrome iko wazi pembeni ikila yake. A4 inavumilika. Balaa ni mgeni anayefungua bango la mita 3 kwa 2 kwa nukta 300 kwa sababu aliambiwa "kuchapa ni 300". Hilo ni pikseli zaidi ya 35,000 kwa 23,000, leya moja tu inapita gigabaiti 3, na hakuna laptopu ya mtumba itakayosimama hapo, iwe kwa programu ya bure au ya kulipia. Bango la barabarani linatazamwa kwa mbali. Kwa nukta 72, bango hilohilo lina leya ya megabaiti 193 hivi, na mwendesha mashine atalipokea bila neno. Muulize yeye anataka ngapi, kila duka lina mazoea yake.

Na hapa kwenye uchapaji ndipo watu huambiwa kwamba programu za bure hazifai kwa sababu ya CMYK, mfumo wa rangi za wino nne za uchapaji. Maneno hayo yana ukweli nusu. GIMP hufanya kazi ndani kwa RGB, rangi tatu za skrini, ila inaweza kukuonyesha picha itakavyokuwa kwenye wino, na kuanzia 3.0 kutoa TIFF, JPEG au PSD ya CMYK ukiipa profaili ya rangi, yaani faili linaloeleza mashine inavyotoa rangi. Krita, programu ya bure ya kuchora, inafanya kazi kwa CMYK yenyewe kabisa. Lakini uliza kwanza kama unaihitaji. Mashine nyingi za mabango na printa za kidijitali hupokea RGB na kubadilisha zenyewe, wakati mwingine vizuri kuliko wewe. Utakachokiona ni kijani kinachong'aa na bluu kali kupoa zikifika kwenye karatasi, na hilo halina dawa ya programu. Chagua rangi ambazo wino unaziweza, na mweleze mteja kabla hajalipa.

Ofseti, uchapaji wa nakala nyingi kwa sahani, ndiyo kesi yenyewe. Kitabu, kalenda ya nakala elfu, jarida la shule: hapo maandishi meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Ukitoa maandishi ya RGB na kuyageuza, weusi unagawanyika kwenye wino zote nne, na sahani zikipishana kidogo tu herufi ndogo zinakuwa na kivuli cha rangi ukingoni. Kwa kazi hiyo usiandike ndani ya GIMP hata sentensi moja. Safisha picha GIMP, ipeleke Scribus, panga kurasa na maandishi humo, toa PDF. Scribus ina sura ya ofisi ya miaka ishirini iliyopita na itakuudhi, lakini PDF zake zinapokelewa na wachapaji wakali.

Nembo na fulana ni Inkscape, na sioni haja ya mjadala. Mashine ya kukata vinili inafuata mstari, haifuati pikseli, na nembo iliyotengenezwa GIMP itakuja kuvunjika siku mteja anapotaka kuipaka kwenye gari. Kabla ya kumpelekea fundi faili, geuza maandishi kuwa njia (path), yaani michoro ya mistari, kwa Ctrl+Shift+C, maana yeye hana fonti zako. Hifadhi nakala isiyogeuzwa, kwa sababu mteja atabadilisha namba ya simu. Inkscape ina pia kifaa cha kufuatisha picha kuwa vekta, yaani mistari badala ya pikseli. Kinasaidia kwa nembo ya rangi moja au mbili iliyoskaniwa vizuri. Kwa picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye muhuri uliofifia, chora upya kwa mkono, utamaliza mapema.

Kwa ile kazi ya PSD ya mwajiri, fungua Photopea. Iko ndani ya kivinjari, ameiandika mtu mmoja, Ivan Kutskir, tangu 2013, na njia zake za mkato ni zilezile za Photoshop. Faili lako halipakiwi kwenye seva. Linafunguliwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo PSD ya megabaiti 200 haili bando lako kuifungua. Unalipa kwa kuvumilia matangazo ya pembeni. Hifadhi mara kwa mara, kwa sababu umeme ukikatika na betri ya laptopu ndiyo hiyo tena, kichupo kikifungwa kazi inaondoka nacho. Na fonti zikikosekana muombe mwajiri akutumie. Usikubali programu ikubadilishie kimyakimya.

Nyingine nizipitie haraka. Paint.NET ni ya Windows tu na ni nyepesi, inafaa kompyuta kuukuu kwa kukata na kupunguza picha, ila maandishi ukishayaweka hayahaririki tena. Krita ni ya wachoraji. Mwenye mkono wa katuni aende huko moja kwa moja. Anayepiga picha RAW, yaani picha ghafi, kwa kamera atazame darktable au RawTherapee.

Canva ya bure ni nzuri kwa tangazo linalotakiwa baada ya nusu saa, lakini kutoa mandhari ya nyuma na PDF ya CMYK ni vya kulipia, na violezo vyake vimetumika mpaka vimechoka: Jumamosi moja, ukumbi huohuo, harusi mbili, kadi ni moja. Affinity nayo, iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024, ikawa ya bure Oktoba 2025 kwa mwenye akaunti ya Canva. Ni programu yenye nguvu, ina CMYK, inafungua PSD. Ningemshauri mgeni mwenye kompyuta inayoiweza aijaribu, akijua kwamba mwenye mali anaweza kubadili masharti siku yoyote. GIMP, Krita, Inkscape na Scribus zimetolewa kwa leseni ya GPL, inayoruhusu kutumia na kugawa programu kwa uhuru. Nakala uliyonayo hakuna atakayekunyang'anya, na unaruhusiwa kutoza wateja kwa kazi unazozifanya nazo.

Leseni hiyo ina faida nyingine ambayo wenye bando dogo wataielewa. Faili la kusakinisha GIMP ni megabaiti mia kadhaa. Mmoja wenu alipakue, wengine mgawane kwa flashi, ni halali kabisa. Ila aliyetumwa apakue kutoka gimp.org, akiandika anwani mwenyewe. Mwaka 2022 lilitokea tangazo juu ya matokeo ya Google lililoonyesha gimp.org kwa maandishi, na aliyebonyeza alipelekwa kwenye tovuti bandia yenye programu hasidi.

Ukishapunguza chaguo zikabaki mbili, usizipime kwa kuchezea vitufe. Chukua kazi iliyokwisha kuchapwa, kadi ya mchango au flaya ya duka la dawa, uijenge upya mwanzo mpaka mwisho kwa kila programu, halafu peleka mafaili kwa mchapaji yuleyule akutolee nakala moja ya A4. Utajua jioni hiyohiyo ipi inakukwamisha na wapi. Mimi huangalia vitu viwili: je, nimeweza kubadilisha tarehe na jina la ukumbi bila kuharibu mengine, na je, mchapaji amelifungua faili bila kunipigia simu.

Na wadogo zangu, kuna wakati kulipia kunakuwa sawa. Ukipata kazi kwenye wakala wa matangazo ambako watu watano wanapokezana PSD moja kutwa, kila aliyefungua kwa programu tofauti ataharibu kitu: kivuli kitabadilika, maandishi yatageuka picha. Leya, maski (za kuficha sehemu za leya) na kurekebisha mwanga kwa mkunjo (curves) ulivyojifunza GIMP vinahama na wewe, utahitaji siku chache tu kuzoea menyu. Leseni ya mwezi huo iandike kwenye bei ya kazi, mstari wake peke yake, chini ya gharama za uchapaji.