Heartstopper: baada ya msimu wa kwanza, uanzie kitabu kipi?

Salama mkuu. Umemaliza vipindi 8 vya mwaka 2022 vya Heartstopper, tamthilia ya Netflix iliyotokana na vitabu vya katuni vya Alice Oseman, unauliza uendelee na kitabu kipi bila kurudia. Anza cha 3. Msimu wa kwanza umemeza cha 1 na cha 2: Nick akishamwambia mama yake kuhusu Charlie, mpenzi wake, ujue cha 2 kimeisha. Cha 3 ni ile safari ya Paris, yaani msimu wa 2.

Utakapokwama ni kwa Isaac, yule rafiki wa Charlie. Vitabuni humtafuti ukampata, ametungwa kwa ajili ya runinga, na Imogen, rafiki wa Nick, vilevile. Kwenye katuni nafasi ya Isaac anayo Aled.

Cha 4 kisome taratibu. Charlie anapambana na ugonjwa wa kula.