Jibu: Kugeuza ekspresheni kuwa fanksheni kwenye Maxima (usiandike f(t):=uzito!)

Simama hapo hapo. Umesema uko kwenye Maxima, ile programu ya hesabu za alama, una ekspresheni (fomyula) uliyoipata kwa integrate, umeipa jina uzito, na sasa unataka kuandika f(t):=uzito upate f(5), yaani thamani yake t ikiwa 5. Huo mstari wa f(t):=uzito ufute kabla hujalala.

Alama ya := haifungui kilicho upande wa kulia, inakiweka kama bahasha iliyogundishwa. Ukiita f(5), Maxima inatafuta t ndani ya jina "uzito", haioni t yoyote, inakurudishia fomyula nzima na t yake vilevile. Hiyo 5 imepotelea hewani na hakuna onyo lolote.

Mimi yalinikuta nikimpigia mzee mmoja wa upande wa Ahero hesabu za bwawa lake la samaki aina ya ngege:

uzito: 400/(1+39*exp(-0.5*t));

Yaani t ni miezi, kila samaki ana gramu 10 mwanzoni, wanapanda kuelekea 400. Nikaandika f(t):=uzito, nikachora plot2d(f(t),[t,0,12]), mkunjo ukatoka safi. Mtego uko hapo! Grafu inatoka sawa kwa bahati tu, kwa vile t ya plot2d ndiyo t ileile ya kwenye fomyula. Basi nikaridhika, nikaunda jedwali la ongezeko la kila mwezi. f(6)-f(5), sufuri. f(7)-f(6), sufuri. Lazima iwe sufuri, maana zote mbili ni fomyula ileile, na kitu ukikitoa kwa chenyewe unabaki na nini? Nikaprinti bila kusoma, nilikuwa nakimbilia pesa, msinicheke. Mzee akavaa miwani: "Kijana wangu, hawa nawalisha kila siku, na wewe waniambia hawaongezeki hata gramu?" Jibu la kweli kutoka mwezi wa 5 hadi wa 6 ni karibu gramu 41. Kwenye jedwali langu samaki waligoma kukua, mzee naye akagoma kulipa.

Na aliyenifunza huo mstari? Noti za fotokopi zilizokuwa zikizunguka kampasi, mwenyewe hakuweka hata jina. Sasa naelewa kwa nini. Alionyesha f(x):=x^2, ambayo kweli inafanya kazi kwa kuwa x iko wazi upande wa kulia, halafu akaandika "vivyo hivyo kwa ekspresheni yoyote". Vivyo hivyo nini? Siku tukikutana Kondele atanilipia chakula cha mchana, na si chai na mandazi.

Andika hivi:

define(f(t), uzito);

define inafungua uzito kwanza, ndipo inaunda fanksheni. Tazama mstari ambao Maxima inakujibu: ukiona f(t):= ikifuatwa na fomyula yenyewe, uko salama. Ukiona f(t):=uzito, rudi nyuma. Ni hivyo hivyo kwa derivativu: define(g(t), diff(uzito,t)). Ukitumia := hapo, g(5) itataka kufanya diff kwa 5, nawe utapigwa era. Afadhali hiyo, angalau inapiga kelele.

Kuna watakaokwambia uandike f(t):=''uzito, apostrofi mbili zikifuatana, si alama moja ya kunukuu. Inafanya kazi ukiandika mstari mmoja mmoja. Ila apostrofi hizo hufanya kazi mstari unaposomwa, si unapotekelezwa, kwa hiyo ndani ya block au kitanzi cha for zitakuangusha tena. define haina hayo maringo. Maple wana unapply(uzito, t), Mathematica ni f[t_] = uzito, yaani = bila nukta mbili. Kila programu ina mlango wake wa kazi hii, na wa Maxima ni define.

Pia hakikisha t haikuwa na thamani wakati unaunda uzito. Kama uliwahi kuandika t:5, anza na kill(t), kisha uunde uzito upya.

Weka hapa mstari ambao Maxima inakujibu baada ya define, pamoja na f(6)-f(5). Niko kwenye matatu, nitautazama nikifika.