Maswali ya Wasomaji: Mbona F Meja Inaliza?

Swali: Nimepima Adagietto, sehemu ya nne ya Simfonia ya Tano ya mtunzi Gustav Mahler, kwa programu ya simu. Rekodi moja imenipa mapigo 59 kwa dakika, nyingine 118. Muziki wa polepole namna ile unapataje mapigo 118?

Jibu: Haupati. Programu hizo hutafuta mshindo, yaani pale sauti inapoanza kwa nguvu kama ngoma inavyofanya. Hapa hakuna ngoma. Kuna violini, viola, selo, besi na kinubi kimoja, basi, na noti ya upinde huingia kama ukungu. Programu ikikosa cha kushika, hukamata noti ndogo za kinubi, au huzidisha pigo mara mbili au nne hadi namba ifike kwenye eneo la nyimbo za dansi. Hiyo 118 huenda ni 29 na ushei iliyozidishwa mara nne.

Pima mwenyewe. Muziki una vipimo 103, kila kimoja kikundi cha mapigo manne, jumla mapigo 412. Gawanya 412 kwa dakika za rekodi, ukishaondoa kimya cha mwanzo na mwisho. Mwongozaji wa okestra Willem Mengelberg mwaka 1926 alimaliza kwa kama dakika 7, wastani wa mapigo 59. Mwongozaji mwenzake, Bruno Walter, mwaka 1938 alitumia kama dakika 8, sawa na mapigo 51 hivi. Hao wawili walimjua Mahler na kufanya naye kazi. Bernard Haitink na okestra ya Berlin, mwaka 1988, walikaribia dakika 14, yaani mapigo 29. Noti ni zilezile, ila mwendo mmoja ni nusu ya mwingine! Mahler hakuweka namba ya metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo. Aliandika kwa Kijerumani tu kwamba uende polepole sana, kisha akajaza maagizo ya kusita hapa na kusukuma pale.

Kwa sababu ya maagizo hayo, wastani hausemi yote. Kujua mwendo wa mahali fulani, anzisha saa kwenye pigo la kwanza la kipimo, vipite vipimo vinne, isimamishe pigo la kwanza la kipimo cha tano. Gawanya 960 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 24 ni mapigo 40. Rudia sehemu tatu tofauti, utaona namba zinavyopishana ndani ya rekodi moja.

Swali: Kitabu kinasema ufunguo wa Adagietto ni F meja. Tumefundishwa meja ni furaha na maina ni huzuni. Mbona huu unaliza?

Jibu: Fundisho hilo linamfaa mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ufunguo ni F meja kweli, lakini sikiliza Mahler anavyouficha. Mwanzoni kinubi na nyuzi zinatoa A na C peke yake, hakuna F. Sauti mbili hizo zinaweza kuwa za F meja, zinaweza pia kuwa za A maina, na sikio halijui liegemee wapi. Ndipo violini za kwanza zinapanda: so, la, ti. Besi inapofika nyumbani kwenye F, wimbo bado umeng'ang'ania ti, noti ya E, inayokwaruzana na F iliyo chini yake. Ndipo inapoteleza kwenda do. Anayeimba kwa solfa anaijua njaa ya ti ikisubiri do. Mahler anaicheleweshea chakula chake karibu muziki mzima, na mwishoni ndipo anapoichelewesha kuliko kote.

Katikati ufunguo unahama mbali, hadi G flati meja, kisha E meja na D meja, halafu F inarudi kimyakimya. Hizo zote ni meja, na bado watu wanafuta macho.

Mwendo nao unafanya kazi yake. E ile ikikaa sekunde moja ni pambo. Ikikaa mbili na nusu ni maumivu. Ushahidi uko katika simfonia hiyohiyo: sehemu ya tano, iliyo ya mwisho, inaurudia wimbo wa katikati ya Adagietto kwa mwendo wa haraka, nao unakuwa mwepesi, karibu wa kuchezwa. Mengelberg aliandika kwenye nakala yake ya nota kwamba Adagietto ilikuwa tamko la mapenzi kwa Alma, aliyeolewa na Mahler mwaka 1902. Mwaka 1968 mwongozaji Leonard Bernstein akaipiga kwenye mazishi ya mwanasiasa wa Marekani Robert Kennedy, New York. Imefaa kote kuwili.

Swali: Kwa nini hakuna tarumbeta wala filimbi?

Jibu: Zimepumzishwa. Simfonia inaanza na tarumbeta peke yake, na sehemu ya tatu inaitumikisha sana honi. Baada ya kelele hizo, nyuzi tupu zinasikika kama mtu aliyefunga mlango.

Swali: Kikundi chetu kikishuka chini ya mapigo 40, muziki unasimama na violini zinakwaruza. Tufanyeje?

Jibu: Kwa mapigo 30, kipimo kizima kinachukua sekunde 8. Nywele za upinde wa violini ni takriban sentimita 65, kwa hiyo noti ya kipimo kizima inakupa sentimita 8 tu kwa sekunde. Mpigaji akihofia sauti kufa hukandamiza, na upinde unaotambaa ukikandamizwa mbali na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, hukwaruza. Legezeni mkono, na muache kugeuza upinde kwa pamoja: wanaokaa meza moja wapishane, mmoja ageuze pigo la pili, mwenzake la nne. Msikilizaji hatasikia mshono.

Kusimama ni tatizo la kinubi zaidi. Uzi uliodonolewa hufifia mara moja, na mwendo ukizidi upole mashimo hutokea kati ya noti na noti. Fanyeni mazoezi kwa mapigo 52, kila mtu akihesabu nane badala ya nne, kisha shukeni mapigo manne manne. Mnapoanza kusikia noti za kinubi moja moja badala ya mstari, rudini hatua moja juu na mbaki hapo.