Kabla hujaipa lugha ndogo ya programu miaka yako

Vijana wanaosoma kompyuta Mbeya na Iringa huniuliza sana: "Kaka, nikiiva kwenye Elixir nitapata kazi?" Kwa hapa nyumbani, ukiwa na lugha ndogo kama hiyo peke yake, haitakulipia chumba. Tangulia na PHP, JavaScript au Python, upate wateja, ndipo uchague lugha ya moyo wako.

Ila kama unawaza miaka kumi mbele, usizihangaikie orodha za umaarufu. Uliza nani anaitegemea lugha hiyo kiasi kwamba ikifa naye ataumia. Erlang ilianza Ericsson mwaka 1986, kwa ajili ya mitambo ya simu isiyotakiwa kuzimika. Mwaka 1998 kampuni hiyohiyo iliizuia kwenye bidhaa mpya. Ungekuwa mwanafunzi wakati ule, kila mtu angekwambia uikimbie. Lakini mwaka huohuo ikaachiwa iwe huria, yaani msimbo wake ukawa wazi kwa yeyote, na Facebook ilipoinunua WhatsApp mwaka 2014, seva za WhatsApp zilikuwa zinaendeshwa kwa Erlang. Elixir ya Mbrazili José Valim imejengwa juu ya BEAM, mtambo uleule unaoendesha programu za Erlang. Hata ikipoteza mashabiki, chini yake pana watu wenye fedha wasiotaka mtambo huo ufe.

Lugha ya Perl ina kisa tofauti. Perl 6 ilitangazwa mwaka 2000, ikasubiriwa mpaka 2015, na ilipofika, programu za Perl 5 hazikufanya kazi humo. Mwaka 2019 ikabadilishwa jina, ikaitwa Raku. Perl 5 bado inachapa kazi. CoffeeScript, lugha inayogeuzwa kuwa JavaScript, yenyewe ilimezwa: JavaScript ilichukua mazuri yake mengi, na waliokuwa wakiitumia wakahama bila shida kubwa. Kama lugha lazima ife, mimi naona hicho ndicho kifo chema.

Kwa hiyo chukua programu ya zamani ya lugha unayoitaka, uijaribu kwenye toleo la leo. Ikigoma, soma kwa nini. Angalia pia ni wangapi wanaoingiza mabadiliko kwenye lugha yenyewe. Akiwa mmoja tu, basi mustakabali wa lugha ni afya yake na ajira yake.

Sasa jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia. Mtu wa Mbeya kabla ya kununua gari huuliza kama spea zipo Mwanjelwa au mpaka ziagizwe Dar. SACCOS ya Tukuyu ina haki ya kukuuliza vivyo hivyo: ukipata ajira Dodoma, nani ataufungua mfumo huu? Kama kwa mkoa mzima jina ni lako tu, unawaachia mzigo, hata kama msimbo wako unapendeza. Kazi ya namna hiyo iandike kwa lugha ambayo fundi wa pili anapatikana. Ukishindwa kabisa kujizuia, hesabu za wanachama ziweke kwenye hifadhidata inayojulikana kama PostgreSQL au MySQL, majedwali yawe na majina ya Kiswahili kinachoeleweka, na uache maelezo ya maandishi ya jinsi ya kurudisha data kutoka kwenye nakala za akiba, ili atakayekuja aandike upya sehemu ya juu bila kugusa fedha za watu.

Elixir isome jioni. Utajifunza kugawa kazi katika michakato midogo inayotumiana ujumbe, mmoja ukianguka mchakato unaousimamia unauwasha tena, na ujuzi huo utautumia hata ukirudi kwenye Python.